Neno la Mtoto Mbele ya Mhoji: Funzo la Historia kwa Kasongo na Kabambare

1.0 Utangulizi

Kila kesi ya mtoto aliyetendewa ukatili huanza na mazungumzo. Kabla hakimu hajaketi na kabla wakili hajavaa joho, mtu mzima mmoja huketi mbele ya mtoto na kumwuliza yaliyompata. Aghalabu hapana shahidi mwingine, na alama za mwilini, hata zikiwapo, hufutika upesi. Kinachobaki ni neno la mtoto. Neno hilo likipokewa vibaya, moja kati ya mambo mawili hutokea: mkosaji hurudi kwake akicheka, au asiye na hatia hufungwa. Katika hali zote mbili mtoto hubaki na jina la mwongo.

Makala haya yanachunguza namna neno la mtoto lilivyopokewa na watu wa sheria, hususa katika Kongo, tangu mwaka 1903 hadi 2018. Yanakusudia kuonyesha kwamba kosa kubwa halikuwa la watoto bali la wale waliowauliza, na kwamba sehemu kubwa ya kosa hilo ni ya lugha. Kwa sababu hiyo suala hili si la wanasheria na waganga peke yao. Linawahusu pia wanafunzi wa Kiswahili. Mfano wa lugha unaozingatiwa ni ule wa Kasongo na Kabambare, kusini mwa Maniema, mahali ambapo Kiswahili kimekuwa lugha ya soko, ya dini na ya baraza tangu siku za Hamed bin Muhammed el Murjebi, yaani Tippu Tip, na ambapo mtoto akiulizwa hujibu kwa Kiswahili, lakini maneno yake huandikwa kwa Kifaransa.

2.0 Kisa cha Epondo, 1903

Mwaka 1903 Roger Casement, balozi mdogo wa Uingereza katika Dola Huru ya Kongo, alisafiri katika Kongo ya juu kuchunguza habari za ukatili wa mpira. Mwezi wa Septemba, katika kijiji cha Bosunguma karibu na mto Lulonga, aliletewa kijana wa miaka ipatayo 14 au 15, jina lake Epondo, aliyekuwa amekatwa mkono wa kushoto. Kijana huyo, mbele ya kundi la watu wazima wa kijiji chake, alimtaja mlinzi mmoja wa kampuni ya mpira, Kelengo, kuwa ndiye aliyemkata. Kelengo alikuwapo, akakana. Casement aliyasikia yote kwa kupitia wakalimani, akamchukua kijana hadi Coquilhatville ili serikali ifanye uchunguzi wake.

Uchunguzi ulifanywa, ila haukwenda kama Casement alivyotarajia. Mwezi wa Oktoba, Epondo alipohojiwa na mwendesha mashitaka wa serikali, Gennaro Bosco, aliyageuza maneno yake. Alisema kuwa mkono wake uliharibiwa na nguruwe mwitu, na kwamba watu wa kwao walimfundisha kumtaja mlinzi kwa kuwa walichoka na kazi ya mpira. Taarifa ya Casement ilipochapishwa Februari 1904, Dola Huru ilijibu mwezi wa Machi kwa maandishi yaliyokitanguliza kisa hicho, kana kwamba kuanguka kwa shahidi mmoja mtoto kulitosha kuiangusha taarifa nzima. Haikuwa hivyo. Tume ya uchunguzi ya Janssens, Nisco na de Schumacher, iliyoundwa na Mfalme Léopold mwenyewe mwaka 1904, ilitoa taarifa mwaka 1905 na kuthibitisha sehemu kubwa ya dhuluma alizozieleza Casement.

Tukikiangalia kisa hiki kwa macho ya leo, tunaona mahojiano mawili yenye kasoro zinazofanana. Katika la kwanza mtoto alisemeshwa mbele ya wazee wa kijiji waliokuwa na shauri lao, na mbele ya mtuhumiwa mwenye bunduki. Katika la pili alisemeshwa na afisa wa dola. Mara zote mbili mkalimani alisimama katikati, na maneno ya asili ya kijana hayakuhifadhiwa. Kilichohifadhiwa ni tafsiri. Kila upande ulikuwa na jibu uliolitaka, na kila upande ulilipata. Hivyo kugeuka kwa maneno yake hakuwezi kuwa ushahidi kwamba alikuwa mwongo, kama vile maneno yake ya kwanza, kwa jinsi yalivyochukuliwa, yasivyoweza kusimama peke yake. Mkono uliokatika ulikuwa wa Epondo, lakini neno lake lilikwisha kuwa mali ya watu wazima.

3.0 Ndevu za mwalimu: Ubelgiji, 1910

Mwaka 1908 Ubelgiji iliichukua Kongo kuwa koloni lake. Miaka miwili baadaye, huko huko Ubelgiji, lilizuka shauri lililoingia katika historia ya elimu ya nafsi. Msichana mdogo aliuawa, na watoto waliocheza naye wakahojiwa mara kwa mara. Kwanza walisema kuwa hawakujua aliyemwua. Baada ya maswali kurudiwa na majina kutajwa mbele yao, walianza kumtaja mtu mmoja. Mtaalamu Julien Varendonck aliitwa kutoa maoni mahakamani. Alikwenda katika madarasa akawauliza wanafunzi wadogo ndevu za mwalimu wao fulani zilikuwa na rangi gani. Kati ya watoto 18 wa miaka saba, 16 walitaja rangi. Mwalimu huyo hakuwa na ndevu. Mtuhumiwa aliachiwa.

Varendonck alihitimisha kwamba ushahidi wa watoto haufai kusikilizwa mahakamani. Hapo alikosea, na kosa lake liliungwa mkono na sheria za nchi nyingi kwa muda mrefu. Jaribio lake halikuonyesha kuwa mtoto hawezi kusema kweli. Lilionyesha kuwa swali lililobeba jibu ndani yake huzaa jibu hilohilo. Mtoto aliyeulizwa rangi ya ndevu hakuulizwa kama ndevu zipo. Mwenye kuuliza ni mwalimu au mgeni mkubwa. Mtoto mwenye adabu huona kuwa kumkatalia ni utovu wa heshima. Kwa hiyo kosa lilikuwa la swali.

Sheria za Afrika ya Mashariki zilizorithiwa kwa Waingereza zilifuata tahadhari iyo hiyo kwa njia nyingine. Mwaka 1959 Mahakama ya Rufani ya Afrika ya Mashariki, katika shauri la Kibageny arap Kolil, iliweka umri wa miaka 14 kuwa mpaka wa utoto wa shahidi, na hakimu alitakiwa kumpima mtoto kwanza kama anajua maana ya kiapo na thamani ya ukweli. Katika Tanzania utaratibu huo wa kupimwa ulidumu hadi marekebisho ya mwaka 2016, ambayo yaliruhusu mtoto atoe ushahidi bila kiapo mradi aahidi kusema kweli na kutosema uongo. Kabla ya hapo, sheria ya makosa ya kujamiiana ya mwaka 1998 ilikwisha kuiruhusu mahakama imtie hatiani mshitakiwa kwa neno la mtoto peke yake, endapo mahakama inaridhika kuwa mtoto amesema kweli na kueleza sababu za kuridhika kwake.

4.0 Kutoka kutosadiki hadi kusadiki pasipo mizani

Baada ya muda mrefu wa kutomsadiki mtoto, miaka ya 1980 ilileta kosa la upande wa pili. Huko California, Marekani, mwaka 1983 zilianza tuhuma dhidi ya walezi wa shule ya watoto wadogo ya McMartin. Mamia ya watoto walihojiwa. Wahoji, ambao wengi wao walikuwa na nia njema, waliwaambia watoto kuwa wenzao wamekwisha kusema, wakawasifu waliotoa habari za kutisha na kuwabembeleza waliokana. Baadhi ya watoto walisimulia mambo yasiyowezekana. Kesi ilidumu hadi 1990 bila ya mtu hata mmoja kutiwa hatiani. Waliopata hasara kubwa ni watoto wenyewe, kwani kama wapo waliotendewa ubaya, haikuwezekana tena kutenganisha chuya na mchele.

Kutokana na makosa hayo uchunguzi wa makini ulifanywa. Uingereza, baada ya fadhaa ya Cleveland ya mwaka 1987, ilitoa mwongozo wa kuwahoji watoto kwa video mwaka 1992. Huko Marekani, Michael Lamb na wenzake walitunga katika miaka ya 1990 utaratibu wa mahojiano wenye hatua zilizopangwa, ambao umejaribiwa katika nchi kadhaa. Iceland ilianzisha mwaka 1998 nyumba ya watoto ambamo mganga, polisi, mwendesha mashitaka na mhoji hukutana mahali pamoja ili mtoto asizungushwe kutoka ofisi hadi ofisi. Mwaka 2005 Baraza la Uchumi na Jamii la Umoja wa Mataifa lilipitisha miongozo kuhusu haki kwa watoto walioathiriwa na uhalifu na wanaoushuhudia.

Kiini cha mafunzo hayo ni chepesi kukisema, lakini kigumu kukitenda. Mhoji huanza kwa kujenga uzoefu na mtoto kwa mazungumzo ya mambo ya kawaida. Humweleza kwamba anaruhusiwa kusema "sijui", na kwamba mhoji akikosea asahihishwe. Kisha humwachia asimulie kwa maneno yake tangu mwanzo hadi mwisho, bila kukatizwa. Maswali ya "nani", "wapi" na "lini" hufuata baadaye, nayo hujengwa juu ya maneno ambayo mtoto amekwisha kuyatamka. Swali la kujibiwa kwa "ndiyo" au "siyo" huwa la mwisho, na jina la mtuhumiwa halitoki kinywani mwa mhoji. Uzoefu umeonyesha pia kuwa semina ya siku chache haitoshi: mhoji aliyefundishwa hurudia upesi mazoea yake ya zamani, isipokuwa kazi yake inasikilizwa na kusahihishwa mara kwa mara na wenziwe.

5.0 Kongo: kutoka Ituri hadi Kavumu

Funzo hilo lilijaribiwa kwa uchungu katika kesi ya kwanza ya Mahakama ya Kimataifa ya Jinai. Thomas Lubanga, kiongozi wa kundi la silaha la Ituri, alishitakiwa kwa kuwaandikisha na kuwatumia vitani watoto wa chini ya miaka 15. Tarehe 28 Januari 2009 shahidi wa kwanza, kijana aliyesemekana kuwa alikuwa mtoto askari, alieleza jinsi alivyokamatwa akitoka shule. Siku hiyohiyo akayakana maneno yake, akasema kuwa alifundishwa la kusema. Wiki mbili hivi baadaye alirudi. Safari hii alikingwa asimwone mshitakiwa, na badala ya kuulizwa swali baada ya swali aliachwa asimulie mwenyewe. Alisema mengi. Hata hivyo, katika hukumu ya tarehe 14 Machi 2012 majaji hawakuona kuwa neno lake lingetegemewa. Waliwalaumu waendesha mashitaka kwa kuwaachia watu wa kati kazi ya kuwatafuta mashahidi na kukutana nao bila usimamizi. Lubanga alitiwa hatiani, lakini kwa nguvu ya mashahidi wengine na picha za video, si kwa kinywa cha kijana huyo.

Miaka 106 inawatenga Epondo na kijana wa Ituri, na bado visa vyao vinafanana kama shilingi kwa ya pili. Tofauti ni kwamba mwaka 2012 majaji waliuliza swali ambalo halikuulizwa mwaka 1904: ni nani aliyezungumza na mtoto kabla yetu, na alizungumza naye vipi?

Nchini Kongo kwenyewe sheria zilibadilika. Sheria mbili za tarehe 20 Julai 2006 zilipanua maana ya ubakaji, zikaagiza uchunguzi wa awali ukamilike kwa mwezi mmoja na shauri lote kwa miezi mitatu, na zikataka daktari na mtaalamu wa nafsi waitwe. Sheria ya kumlinda mtoto ya tarehe 10 Januari 2009 ilianzisha mahakama za watoto. Nguvu ya mabadiliko hayo ilionekana Kavumu, karibu na Bukavu. Huko, kati ya 2013 na 2016, makumi ya wasichana wadogo, baadhi yao wakiwa hawajaanza hata kusema vizuri, walichukuliwa usiku majumbani mwao na kubakwa. Mahakama ya kijeshi ya Kivu ya Kusini ilisikiliza shauri hilo palepale Kavumu. Watoto hawakupandishwa kizimbani. Maelezo yao yaliyorekodiwa kwa video yalitumiwa, na mashahidi wengine walifunikwa wasitambulike. Tarehe 13 Desemba 2017 Frederic Batumike, mbunge wa jimbo, alihukumiwa pamoja na wenziwe kadhaa kifungo cha maisha kwa makosa dhidi ya ubinadamu. Hukumu hiyo ilithibitishwa katika rufani mwezi wa Julai 2018. Kavumu ilionyesha kwamba kazi hii inawezekana kufanywa na Wakongo, katika ardhi yao na kwa watoto wadogo kabisa.

6.0 Lugha ya mtoto na lugha ya hati

Hata hivyo Kavumu ilikuwa karibu na Bukavu, penye hospitali ya Panzi na mashirika mengi. Mtoto wa Kabambare hana bahati hiyo. Mara nyingi mhoji wake wa kwanza ni afisa wa polisi mwenye kalamu na karatasi, asiye na kamera. Afisa huuliza kwa Kiswahili, husikia kwa Kiswahili, na huandika hati, ambayo Wakongo huiita PV, kwa Kifaransa. Hati hiyo ndiyo inayosafiri hadi parke na mahakamani. Hakimu huisoma kana kwamba mtoto alisema Kifaransa. Yapo mambo matano yanayopotea njiani.

La kwanza ni jinsia. Kiswahili hakitofautishi mwanamume na mwanamke katika viambishi vya nafsi. Mtoto akisema "alinishika", hajasema kama aliyemshika ni mume au mke. Kifaransa hakikubali kukaa kimya hivyo. Mwandishi hulazimika kuchagua. Akiandika "yeye" ya kiume, ametia katika ushahidi jambo ambalo mtoto hajalitamka.

La pili ni majina ya ujamaa. "Baba" si mzazi peke yake. Ndugu wa kiume wa baba, mkubwa au mdogo, naye ni baba, na jirani wa makamo aghalabu huitwa vivyo hivyo kwa heshima. PV iliyoandikwa kwamba baba mzazi ndiye mtenda inaweza kumfunga asiyehusika. Hali huwa nzito zaidi pale mkalimani anapotoka pwani. "Yaya" kwa Mkongo ni ndugu mkubwa. Kwa mtu wa pwani ni mlezi wa kuajiriwa. "Bibi" kwa Mkongo ni mke. Kwa mwingine ni nyanya.

La tatu ni wakati. "Juzi" huweza kuwa siku iliyotangulia jana, au siku yoyote ya karibuni. "Saa mbili" ya kuhesabu tangu alfajiri si saa mbili ya Kifaransa; tofauti ya saa sita inatosha kumpa mkosaji ushahidi kwamba hakuwapo.

La nne ni jibu la swali la kukanusha. Mhoji akiuliza, "Hakukugusa?" na mtoto akajibu "Ndiyo", katika Kiswahili maana yake ni kukubali kuwa hakuguswa. Mwenye kufikiri kwa Kifaransa anaweza kuandika kinyume chake. Swali la namna hiyo halifai kuulizwa kamwe.

La tano ni staha. Mtoto aliyelelewa vizuri hataji viungo vya siri mbele ya mkubwa. Atasema "aliniharibu", "alilala na mimi", "alinifanyia mambo mabaya". Mahakama ya Rufani ya Tanzania imekubali mara kadhaa kwamba misemo ya aina hiyo, kama "tabia mbaya" au "matusi", yaweza kuthibitisha kosa, kwa kuwa utamaduni na umri havimruhusu shahidi kusema waziwazi. Lakini "kulala" ni pia kusinzia, na "kusikia" ni pia kuhisi. Mhoji mwenye ujuzi hatafsiri. Humwomba mtoto aeleze zaidi, au aonyeshe katika mchoro, kisha huyaandika maneno yenyewe.

Kwa upande mwingine Kiswahili kina hazina inayomfaa mhoji. Mtoto wa Kasongo amekulia katika hadithi za jioni. Anajua kwamba msimulizi haharakishwi, na kwamba msikilizaji huchochea simulizi kwa neno moja tu: "Kisha?" au "Ikawaje?" Hayo ndiyo maswali yaleyale wataalamu wa ng'ambo waliyoyatafuta kwa miaka mingi. Kinyume chake, swali la "kwa nini" humfikia mtoto kama karipio. Aulizwaye "Kwa nini ulikwenda kwake?" husikia kwamba amekosa, hunyamaza, na kunyamaza kwake huandikwa kuwa ni kukana.

7.0 Hitimisho

Historia iliyoelezwa inaonyesha kwamba mtoto hakuaminiwa mno, kisha akaaminiwa bila mizani, na kwamba katika nyakati zote mbili mhoji ndiye aliyesahauliwa kuchunguzwa. Kwa Kasongo na Kabambare, mambo matatu yanawezekana bila ya kungoja fedha nyingi. Kwanza, maneno ya mtoto yaandikwe kwa Kiswahili chake katika PV, neno kwa neno, pamoja na swali lililoyatoa, na tafsiri ya Kifaransa ifuate chini yake. Katiba ya mwaka 2006 imekitambua Kiswahili kuwa mojawapo ya lugha nne za taifa, na Tanzania imekwisha kuonyesha, kwa sheria ya mwaka 2021, kwamba Kiswahili chaweza kuwa lugha ya mahakama. Pili, mtoto ahojiwe mara moja na mtu mmoja aliyefundishwa, si kila ofisi kuanza upya. Tatu, vyuo vyenye walimu wa Kiswahili vikusanye misamiati ya ujamaa, ya mwili, ya wakati na ya staha kama inavyosemwa na watoto wa Maniema, ili polisi, waganga na mahakimu wafundishwe kwayo.

Kazi ya tatu haimo mikononi mwa serikali wala ya wafadhili. Imo mikononi mwa wasomaji wa jarida kama hili. Wakalimani wa mwaka 1903 hawakuacha hata sentensi moja ya Epondo katika lugha yake, na kwa hiyo hapana awezaye leo kumsikia. Mtoto atakayeingia kesho katika ofisi ya polisi ya Kabambare bado anaweza kusikiwa.